Jumapili za Koplo Shindo

Sisi tuliokulia Timbwani zama za televisheni moja kwa mtaa mzima tunajuana. Ya kwetu ilikuwa kwa Bi Zuhura, nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Jumapili baada ya sala ya alasiri tuliacha kandambili mlangoni, tukabanana mkekani, kila mtu na barafu yake ya ukwaju, huku mume wa Bi Zuhura akizungusha antena juu ya paa na kuuliza, "Imeshika?" Nasi tukimpigia kelele, "Bado! Rudisha kidogo!" Watoto wa leo video ikikwama kidogo tu wananuna kutwa nzima.

Tulichokingojea ni kipindi cha vichekesho kiitwacho Kambini, cha askari wavivu waliopelekwa vitani bila kujua wanapigana na nani. Baba hakukikosa. Alikuwa askari, akarudi kutoka vita vya mpakani, akapata kazi ya ulinzi kwenye bohari la mafuta Changamwe. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno, lakini pale mlangoni kwa Bi Zuhura, juu ya kigoda, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kikoi. Nilikipenda kile kicheko kuliko kipindi chenyewe.

Kisha Kambini ikaisha, kikaja kipindi kilichochipuka humo, Tumerudi. Vita vimekwisha, askari wale wale wako majumbani mwao, na maisha ya raia yanawashinda. Mmoja wao, Koplo Shindo, alimkagua mkewe kama kuruta. Alilala sakafuni na kitanda kipo. Mlango ukibamizwa alijitupa chini ya meza, na vile vicheko vya kurekodiwa vikalipuka. Baba alitazama Jumapili mbili bila hata kutabasamu.

Mimi, msichana wa miaka tisa, niliona fahari. Baba naye alilala sakafuni! Na mama kila mara alituasa, "Msimjie baba yenu kwa nyuma," wala hatukuwahi kuuliza kwa nini. Nikawaambia wenzangu kwamba Koplo Shindo hasa yuko kwetu. Wakaniita mwongo.

Nikawaonyesha. Baba alikuwa barazani na wazee wenzake, wanakunywa kahawa. Nilinyata na sinia la mama, nikaliangusha kwenye saruji nyuma yake. Alijitupa chini ya benchi, mikono kichwani, kahawa imemmwagikia. Watoto wakaangua kicheko kama kile cha televisheni, na mimi niliwashinda wote kwa sauti.

Wazee hawakucheka. "Pole, ndugu yangu, ni watoto tu hawa," alisema Mzee Athumani, jirani yetu. Baba akainuka, akajikung'uta kikoi. "Salama, alhamdulillahi," akasema, akaenda zake nyumbani. Mama alinichapa, kisha akamwambia baba kuwa sinia liliniponyoka. Akaitikia tu. Barazani hakurudi tena, wala kwa Bi Zuhura. Wazee walimfuata mara mbili tatu, akawaambia mguu unamuuma, mwishowe wakaacha kumfuata. Sikumsikia akicheka tena.

Miaka mingi baadaye, katika ugonjwa wake wa mwisho, nilikuwa namnywesha uji.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Siku ile ya sinia nilikisikia kicheko chako. Watoto walikuwa wengi, lakini chako nakijua."

Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. Nikamwomba radhi, akasema wallahi alikwisha kunisamehe zamani. Nilimwamini, na haikunisaidia kitu.

Leo wanangu hukaa sebule moja, kila mmoja na simu yake na vidude masikioni, anachekea lake kimyakimya, hakuna ajuaye mwenzake anacheka nini. Mbele za watu mimi husema tumepoteza kitu, mtaa mzima kukaa mkeka mmoja ukicheka pamoja. Moyoni nawaonea wivu. Sisi tulicheka kwa sauti, na baba yangu alisikia.