Ekari 189 za Mzee Mwinyimadi

Saa mbili asubuhi, Sikuzani Rajabu amekaa kwenye baraza ya chama cha wakulima wa korosho, Maneromango, kompyuta mapajani. Kesho orodha ya mgao wa salfa, dawa ya mikorosho, inafungwa, na jina la Mzee Mwinyimadi limekatwa.

"Mwizi huyo!" anasema katibu, Wilfred. "Kajiandikisha kwenye fomu ya mtandaoni mara sitini na tatu."

"Ekari tatu mara sitini na tatu," anachombeza Bi Tatu, jirani wa Mzee. "Mwinyimadi, hata uwanja wangu umo?"

Mzee hacheki. Bila salfa, ugonjwa wa ubwiri unga utamaliza maua ya mikorosho yake. "Mimi nilibonyeza mara moja tu, mwanangu."

Sikuzani, miaka 29, ni mtengeneza fomu za mtandaoni kutoka Tumbi, Kibaha. Kazi alijifunza kwa simu, hakuna aliyemlipia ada. Hii fomu ni ya mkono wake. Viongozi wa chama walibishania nembo miezi minne, kisha yeye wakampa siku mbili za kuitengeneza. Ndivyo walivyo wakubwa wetu: kuchelewa wachelewe wao, lawama ubebe wewe.

"Babu, ulipobonyeza, ukafanya nini?"

"Nikaikopi ile anwani ya juu, nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp. Watu waone na mimi nimo!"

Sikuzani anaruka nusura aangushe kompyuta. "Nimeipata!"

Fomu ina njia mbili za kupeleka majibu kwenye seva, mashine inayoyatunza. Moja huyabandika kwenye anwani ya ukurasa: jina, simu, ekari, vyote nje nje. Hiyo ni ya kutafutia vitu. Nyingine huyafunga ndani, kama barua kwenye bahasha. Sikuzani alitumia ya kwanza wakati wa majaribio, ili aone majibu yakipita, na kwa haraka ile akasahau kuibadilisha. Kila aliyeigusa anwani ya Mzee kwenye kundi akawa anamwandikisha upya.

"Kumbe mimi!" Bi Tatu anashika kichwa. "Nimeigusa mara nne, nikidhani haifunguki!"

Sikuzani anabadilisha neno moja ili majibu yaende kwa ile njia ya bahasha, anayafuta majina yote sitini na matatu ya Mzee, anampa simu ajaze upya. Mzee anajaza, anaitupa tena kwenye kundi. Simu zinalia baraza nzima, wote wanabonyeza. Macho kwenye kioo cha kompyuta.

Mwinyimadi: mara moja. Ekari tatu.

Vigelegele! Wilfred anachukua kalamu, analirudisha jina kimyakimya.

"Na samahani je, katibu?" Bi Tatu anamuuliza.

"Samahani, mzee," anasema Wilfred, macho chini.

Sikuzani anataka kufungua ofisi yake Mlandizi. Wiki ijayo ana fomu ya wakulima wa mihogo wa Kwala.

"Sitaikabidhi kwa kiongozi yeyote kabla hamjajaribu kuiharibu ninyi," anasema akicheka.

"Ilete Jumanne," anajibu Mzee Mwinyimadi. "Jumatatu nitakuwa shambani, napuliza salfa."