Mbegu Mgongoni

Nikifungua gunia la maharagwe yaliyochanganywa na majivu, harufu yake hunirudisha shambani kwetu Carama, utotoni, wakati wa vita. Tulikuwa tumemaliza kuvuna. Mama alikuwa anazipaka mbegu majivu ili zisiliwe na wadudu, risasi zilipoanza kulia milimani. Jirani yetu akaja mbio na watoto wake, akamwita mama kwa sauti.

"Mama, acha hayo maharagwe, tuende!"

"Apana. Tukirudi tutapanda nini?"

Akazifunga mbegu kwenye kitenge, akanibebesha mgongoni kama mtoto mchanga. Njiani woga ulinishika, nikaanza kulia. Mama akageuka, akaupapasa ule mzigo.

"We, nyamaza, utaamusha mutoto."

Nikacheka huku machozi yananitoka, nikaubembeleza mzigo mpaka mjini.

Tulikaa kwa shangazi wiki nyingi. Kuna siku tulilala njaa, lakini mama hakukubali mbegu zipikwe. Tuliporudi, nyumba yetu na ya jirani hazikuwa tena na mabati. Jirani alisimama shambani kwake, mikono mitupu. Mama akafungua kitenge, akagawa mbegu mafungu mawili, akanipa lile kubwa.

"Mupelekee," akasema.