Kurasa Kumi za Sheria ya Kazi

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani Doha, huwajibu kwamba nilikuwa nikipanga vitabu maktabani. Siongezi kwamba kwa karibu miaka miwili nilijifanya wakili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusukuma toroli la vitabu vilivyorudishwa na kuviweka rafuni, katika maktaba moja ya umma. Lakini palikuwa na mashine ya kopi, na kwenye rafu ya sheria palikuwa na Sheria ya Kazi ya nchi ile, imetafsiriwa kwa Kiingereza. Ijumaa jioni walinzi Wakenya na Waganda waliokaa Al Rayyan walikuja, mashati yamenyooshwa pasi, kuniuliza mambo yao: kampuni imeshikilia pasipoti, likizo imefika na hawaachiliwi, meneja hataki kusikia habari ya siku ya mapumziko. Mimi shule nimeishia kidato cha nne, ila Kiingereza changu kilikuwa safi, na nilipenda mno kuulizwa.

Maktaba iliruhusu kila mtu kopi za kurasa kumi kwa siku. Nikachagua kumi nilizoona zina nyama: pasipoti, saa za kazi, likizo, malalamiko. Nikawa nazibana kwa stepla na kupiga mistari ya kalamu ya njano. Ukurasa wa kwanza niliuacha. Nilikuwa nimeupitia mara moja, nikaona ni maelezo ya sheria inamhusu nani na haimhusu nani, maneno ya kufungulia tu, na kuuweka kungenipotezea ukurasa mmoja wa likizo. Walinzi walizipeleka zile karatasi kwa mameneja wao huko West Bay, na wawili watatu wakapewa likizo zao. Wakaanza kuniita wakili. Niliwaambia waache utani, lakini sikukasirika hata kidogo.

Kulikuwa na dada mmoja wa kwetu Kenya aliyekuja kila Jumamosi na watoto wa bosi wake, wasichana wawili, kwa saa ya hadithi. Wao wakiingia chumba cha watoto, yeye alikaa nje kwenye benchi, amepakata mikoba yao. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani huko Al Wakrah. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, naye alikuwa anaingia mwaka wa nne bila likizo. Alikuwa amemwacha binti yake kwa mama yake mzazi, mtoto akiwa bado ananyonya. Sasa mtoto alikuwa akiongea naye kwenye simu na kumwita shangazi.

"Kaka, mimi sitaki kugombana na mtu," aliniambia. "Nataka tu waniachilie niende nione mtoto, halafu nirudi. Kazi bado naihitaji. Nikimuuliza madam ananiambia bukra, kesho, kila siku ni bukra. Hizo karatasi unapea masoja zinaweza nisaidia?"

Hapa nitasema ukweli ambao nimeukalia muda mrefu. Nilisita. Ule ukurasa wa kwanza ulinijia kichwani, nikakumbuka kwamba ulikuwa na orodha ya watu wasiohusika na sheria ile, ila sikukumbuka ni akina nani. Rafu ya sheria ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Lakini mlinzi wa mlangoni, Mganda mmoja, alikuwa amesimama karibu akitusikiliza, na alikuwa ameshasema, "Wakili, saidia dada." Sikutaka anione nikienda kufungua kitabu kama mtoto wa shule.

"Zitakusaidia sana, dada," nikasema. "Sheria ni moja kwa kila mtu. Wakikukatalia, nenda nazo ofisi ya kazi."

Alizikunja mara nne akaziweka ndani ya nguo, kifuani. Namba yangu ya simu niliiandika mwenyewe juu ya karatasi.

Jumamosi ya pili baada ya hapo wale wasichana waliletwa na mfanyakazi mwingine, Mfilipino. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba yule wa kwanza ametoroka. Ndipo nikaenda rafuni. Ilikuwa imeandikwa wazi: sheria haiwahusu wafanyakazi wa majumbani, wawe madereva, wapishi au watunza bustani. Sheria yao ilikuja miaka ya baadaye. Nilisoma mara tatu nikitumaini kwamba ni Kiingereza kimenishinda. Siku hiyo hiyo nikautoa ukurasa mmoja wa likizo kwenye kopi za walinzi na kuutia ule wa kwanza, wala sikumweleza mtu kwa nini.

Siku chache baadaye yule dada alinipigia kwa simu ya kuazima, kutoka mahali wanapowekwa wanaosubiri kurudishwa kwao. Madam alikuwa amekataa, yeye akaenda ofisi ya kazi na karatasi zake, wakamwambia shauri lake si lao. Wakati huo bosi alikuwa ameshapiga ripoti kwamba amekimbia. Wanamrudisha nyumbani, na ruhusa ya kurudi Qatar hana tena.

"Wamenichezea, kaka," alisema. "Wamekataa hata kusoma. Ningepata mtu mmoja tu wa kuzisoma, ningeshinda."

Nilikuwa nimeegemea toroli. Nikamwambia, "Pole, dada."

"Si neno. Mtoto nitamwona. Ya kesho tutajua kesho. Lakini kuna msichana hapa, Mganda, wa kazi za nyumba kama mimi. Bosi wake anakuja kumchukua, anarudi kwake. Ameniomba nimwachie karatasi. Nimwachie?"

Nililijua jibu. Lakini kumwambia asimwachie kulitaka nimweleze sababu.

"Mwachie," nikasema.

Akasema Mungu anibariki. Kisha nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Amekubali. Shika."