Sponji ya Kaputula Yangu

Nichekeni taratibu, jamani. Nilinunua kaputula ya mbio za baiskeli kwenye rundo la mitumba, kwa ajili ya mashindano yangu ya kwanza. Ndani, kwenye makalio, ilishonewa sponji nene. Nikajisemea: maskini mzungu aliyeivaa, mkojo ulikuwa unamshinda! Nikaikata sponji hiyo kwa wembe, nikaifua vizuri, nikampa mke wangu Mado.

Wiki nzima nilifanya mazoezi kwenye barabara ya Kakontwe. Matako yaliwaka moto. Nilitembea kama niliyetoka kutahiriwa, huku nikiwahubiria majirani kwamba mwanamichezo lazima ateseke.

Siku moja kabla ya mashindano nikaalika timu yetu ya baiskeli nyumbani kula. Papa Célestin, mkubwa wetu, akaniona nikikaa upande upande.

"Weye, kaputula yako haiko na sponji? Bila ile, kiti ya kinga, ile baiskeli yako, itakuua!"

Kabla sijajibu, Mado akaingia akitabasamu, ameshika sufuria ya moto ya bukari, ugali wetu, kwa sponji ile ile.

Papa Célestin akarudisha mkono aliokwisha kunawa. "Mama Mado, ile ya matako, ndiyo unakamatia nayo sufuria?"

"Ni bwana yangu alinipatia, Papa. Iko muzuri sana!"