Safu ya Mbegu ya Zamani

Maisha yake yote shangazi yangu ametoa viwavi kwenye pamba kwa mkono. Anafunua jani, anambana kiwavi kwa vidole viwili, anasonga mbele huku akipiga soga, wala haangalii. Majirani wanamwita Kibano.

Kisha ikaja mbegu mpya. Kiwavi akila jani lake, anakufa mwenyewe. Bwana shamba aliapa kwamba haidhuru wadudu wengine, na kweli nyuki na buibui wapo tele. Lakini wale nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi hawaonekani tena.

"Mbegu haiwagusi," bwana shamba alisisitiza. "Wamekosa viwavi wa kutagia, basi."

Hilo "basi" lilinikera mimi. Shangazi lilimvuruga kabisa. Hakuna aliyewaua, na bado hawapo. Sasa alaumiwe nani? Mwishowe akapanda safu moja ya mbegu ya zamani kando ya shamba, viwavi wapate chakula na nyigu wawafuate. Mumewe akasema huyu sasa amerukwa na akili.

Viwavi wakarudi kweli. Asubuhi moja nikamkuta shangazi kwenye safu ile ile, ananisimulia ugomvi wa majirani, huku vidole vikibana kiwavi mmoja baada ya mwingine.

"Shangazi, si hao ndio unaowafuga?"

Akavitazama vidole vyake vilivyolowa kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Hebu nishike mikono, mwanangu," akasema.