Mbegu za Ndulele

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Temeke hapakufagiliwa baada ya jua kuchwa, si uwanja wala mdomo. Bibi, mama yake Mama, alisema anayefagia usiku anatoa riziki nje, na kwake mswaki ulikuwa ufagio kama mwingine wowote. Tulisugua meno asubuhi kwa kijiti, mkaa uliotwangwa na chumvi. Jioni vijiti vilichomekwa kwenye makuti ya paa na havikuguswa.

Riziki yetu ilikuwa kashata. Baba alikuwa ameshafariki. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha na sukari imerudi katika duka la Mwarabu jirani yetu, kwa hiyo Mama alipika kila jioni ili asubuhi akauze sokoni. Alionja kila sufuria. Mimi na mdogo wangu Mwajuma tuligombania ukoko. Kisha sote watatu tulilala, sukari ingali kwenye meno.

Jino la Mama la nyuma, upande wa kulia chini, lilianza kuuma wakati wa masika. Bibi hakuwa na shaka kwamba ni mdudu. Siku hizo mtaa mzima ulijua kwamba jino lenye tundu linaliwa na mdudu, na kwamba Bi Mwanahawa, jirani yetu wa nyuma, anajua kumtoa.

Nilitumwa porini kuchuma ndulele, yale matunda madogo ya njano yenye mbegu nyingi. Bi Mwanahawa alizianika mbegu, akaweka kigae cha moto katikati ya bakuli la maji, akazimwaga juu yake. Alimfunika Mama kanga kichwani na kumwambia aachame juu ya moshi. Alipomfunua, majini vilielea vitu vyeupe vilivyojikunja, vidogo kuliko punje ya mchele. Alihesabu saba.

"Asha mwanangu, kumbe ulikuwa unafuga zizi zima," alisema.

Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Usiku ule alilala.

Siku ya nne maumivu yalirudi, wakatolewa wengine. Mara ya tatu shavu lilikuwa limevimba hadi jicho limefumba, na Bi Mwanahawa akasema wamebaki wazee, hao hawatoki kirahisi.

Ndulele nilichuma mimi mara zote. Safari ile ya tatu nilibaki na mbegu chache, nikaziweka kwenye kigae juu ya makaa, kama nilivyomwona akifanya. Zilipasuka. Ndani ya kila mbegu kilitoka kitu cheupe, kimejikunja. Nilivitia kiganjani nikampelekea Mama, aliyekuwa amelala mkekani.

Alivitazama. Kusema kulikuwa kazi kwake.

"Usimwambie bibi yako," alisema. "Ule moshi ndio unaonipa usingizi."

Nilitii. Sijui mpaka leo kama alikuwa anajua tangu bakuli la kwanza.

Siku mbili baadaye hakuweza kumeza hata mate. Uvimbe ulikuwa umeshuka, kidevu na shingo vimekuwa kitu kimoja. Mwenye duka alitoa mkokoteni wake wa magunia, Mjomba akausukuma, Bibi na mimi tukafuata kwa miguu hadi hospitali mjini. Njia nzima Bibi alimfuta Mama udenda kwa ncha ya kanga na kumwambia kwamba Bi Mwanahawa alikosea hesabu.

"Amebaki mmoja tu, Asha. Vumilia, ni mmoja tu."

Mama hakumtazama Bibi. Alinitazama mimi.

Daktari alimwangalia kinywani. Aliuliza ni siku ya ngapi. Bibi alisema ya kumi na moja, naye hakuuliza tena. Mama alifariki kabla ya alasiri. Pumzi haikuwa na pa kupita.

Jioni baada ya arobaini yake, Bibi alichomoa vijiti kwenye makuti, akavichonga upya kwa kisu cha jikoni, akatugawia mimi na Mwajuma kimoja kimoja. Jua lilikuwa limeshazama. Mwajuma alimkumbusha, kwa woga, kwamba riziki itatoka.

"Fagieni," Bibi alisema. "Ilishatoka."

Alisimama mlangoni hadi tulipotema mate ya mwisho. Alifanya hivyo kila jioni mpaka tukaolewa, na hakusema kwa nini.

Sasa nasimama mimi, kwenye mlango wa bafu, wajukuu wangu wakipiga mswaki kabla ya kulala. Wananiita Bibi Askari. Hawajaniuliza nimeyatoa wapi haya, nami sijawaeleza.

Wenzangu wa umri huu husema zamani hatukujua. Mimi nilijua, walau nusu yake, na nilikuwa nimeishika kiganjani. Miaka mingi baadaye Bibi alikufa akiamini kwamba katika jino la mwanawe alibaki mdudu mmoja. Nilikuwa na jioni za kutosha za kumweleza habari ya zile mbegu, sisi wawili tumekaa barazani baada ya mswaki. Kila mara nilimtazama nikanyamaza. Nadhani ni kwa sababu ile ile aliyonipa Mama. Na yeye alihitaji kulala.