Mafuta Kwenye Reli

Ni mimi nilipaka reli mafuta. Shule niliachia njiani, lakini mafuta najua: kitu kikipauka, unapaka. Makumbusho yetu hapa Maryland inaendeshwa na sisi watu wa kujitolea, na Jumamosi hiyo katreni ka zamani ka kubeba mawe ya machimbo kalikuwa kamejaa wageni. Magurudumu yakazunguka palepale, katreni hakasongi. Mzee anayetusimamia akaniangalia. Nikajua leo nafukuzwa, na vile napapenda pale! Akaleta ndoo ya mchanga, tukanyunyiza kwenye reli, kakaenda. Mzee akacheka, akanipa ndoo nikae nayo.

Jioni nilimsimulia rafiki yangu vile niliogopa kufutwa. Akaniuliza, "Wewe, nani hufutwa kazi ya bure?"